Jessye Norman alikuwa anakula nini?

Nimekuwa kimya muda mrefu, wapendwa. Wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika au nimepata mchumba. Yote mawili si kweli. Kulikuwa na jambo nyumbani ambalo nilikuwa naona aibu kuliandika. Leo nimeamua kuliandika, ila itabidi nianzie mbali, Marekani, kwa mama mmoja aliyefariki mwaka 2019. Nivumilieni.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 2019 nilikuwa zamu ya usiku. Nilikuwa mgeni kabisa katika chumba cha habari, na kazi ya mgeni ni kutafsiri habari za nje zinazoingia wakati wakubwa wamekwisha kwenda kulala. Ikaingia habari kwamba Jessye Norman, mwimbaji wa opera, amefariki New York akiwa na miaka 74. Nikamuuliza kaka aliyekuwa anasimamia zamu: opera kwa Kiswahili tunaitaje? Akajibu bila kuinua kichwa: "Andika mwanamuziki mashuhuri. Mistari mitatu. Iweke chini ya ile ya mpira."

Nikaandika mistari mitatu. Nilipomaliza nikajisikia vibaya kidogo, kwa sababu nilikuwa nimemzika mtu nisiyemjua. Basi, kwa kuwa intaneti ya ofisi usiku ilikuwa inakimbia, nikavaa spika za masikioni nikamtafuta.

Nikakutana na Paris, tarehe 14 Julai 1989. Ufaransa inaadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake. Uwanja wa Place de la Concorde umefurika. Anatokea mwanamke mweusi, mrefu, mwenye mwili wake, amevishwa bendera ya Ufaransa nzima nzima, vazi linaburuzika nyuma yake kama wimbi. Anaimba wimbo wa taifa wa Ufaransa. Vazi lile lilibuniwa na Azzedine Alaïa, mzaliwa wa Tunisia. Hebu fikiria: Mwafrika kashona, Mmarekani mweusi kavaa, Mfaransa anatokwa na machozi. Nilicheka peke yangu saa nane za usiku mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Kabla ya usiku ule, opera kwangu mimi ilikuwa mama mnene wa kwenye katuni, kavaa kofia yenye pembe, anapiga kelele mpaka glasi inapasuka. Najua wengi wenu ndipo mlipo hata sasa, na siwalaumu.

Lakini ile sauti nilikuwa naijua. Si yake, ya aina yake. Nyumbani kwetu ipo.

Mdogo wangu wa mwisho, wa kike, anaimba kwaya kanisani kwetu Tabata. Anaimba sauti ya kwanza, na toka ana miaka 14 mwalimu wa kwaya amekuwa akimwambia asogee nyuma. Akisogea nyuma, anaambiwa apunguze. Akipunguza, anaambiwa bado. Tulikuwa tunamtania kwamba siku moja watamweka nje, aimbe kupitia dirishani. Kuna Jumapili moja umeme ulikatika katikati ya wimbo. Kinanda kikafa, gitaa likafa, vipaza sauti vikafa, na kwaya nzima ikapotea kama maji yaliyomwagika mchangani. Yeye hakunyamaza. Sijui kama hata alitambua kwamba umeme umekatika. Kanisa zima likabaki na sauti moja, na wazee wa mlango wa nyuma kabisa wakageuka kutazama. Hakuwa anapiga kelele. Hilo ndilo jambo ambalo sikuwa na maneno ya kulieleza mpaka nilipoanza kusoma habari za akina Norman.

Opera huimbwa bila kipaza sauti, na ndilo jambo la kwanza la kulijua. Chini ya jukwaa kuna okestra, na okestra ya mtunzi kama Wagner inaweza kuwa na wapigaji 90 au zaidi: matarumbeta, ngoma, vinanda vya nyuzi kwa makumi. Mbele yako kuna ukumbi wa watu elfu mbili, tatu. Wewe una mapafu yako, koo lako na mifupa ya uso wako, basi. Zipo soprano nyepesi zinazocheza juu kama chiriku, na zipo hizi zinazoitwa za kidrama, nzito, pana, zenye giza chini na moto juu, ambazo zinaweza kupita juu ya okestra nzima bila kuipigia kelele. Ni chache sana duniani. Na tatizo lake ni moja: huchelewa kuiva.

Kirsten Flagstad wa Norway, ambaye wapenzi wa Wagner bado wanamtaja kwa heshima, alizunguka kwenye kumbi za Skandinavia miaka karibu 20 akiimba hiki na kile. Alipoingia Metropolitan Opera ya New York mwaka 1935 alikuwa na miaka 39. Birgit Nilsson, binti wa mkulima kutoka Sweden, aliingia jumba hilo hilo mwaka 1959 akiwa na miaka 41. Wapo waliovunja kanuni, msinielewe vibaya. Rosa Ponselle aliingia pale mwaka 1918 akiwa na miaka 21, akisimama jukwaa moja na Caruso mwenyewe. Lakini akiwa na miaka 40 tu alikuwa amekwisha kuliaga jukwaa la opera.

Haya, turudi kwa Norman.

Alizaliwa mwaka 1945 huko Augusta, Georgia, kusini mwa Marekani, enzi ambazo mtoto mweusi alikuwa na shule yake, mlango wake na bomba lake la maji ya kunywa. Baba alikuwa akiuza bima, mama alikuwa mwalimu, na nyumbani piano ilikuwepo. Aliimba kanisani toka angali mdogo. Na alikuwa na redio. Kila Jumamosi Metropolitan Opera ilirusha onyesho lake hewani, na binti huyu alisikiliza huku akifanya usafi chumbani kwake. Hapa nilisimama kidogo. Mtoto mweusi anafagia chumba huko Georgia, anasikiliza jumba ambalo mpaka Januari 1955, Marian Anderson alipopanda pale, halikuwa limempa mwimbaji mweusi hata mmoja nafasi ya kuimba uhusika wowote. Norman alikuwa na miaka tisa siku hiyo.

Akiwa na miaka 16 alikwenda Philadelphia kwenye mashindano yaliyobeba jina la huyo huyo Marian Anderson. Hakushinda. Lakini safari ile ilimfikisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwalimu wa sauti akamsikia, akapewa ufadhili kamili wa masomo. Kisha Peabody, kisha Michigan. Mwaka 1968 akashinda mashindano makubwa ya kimataifa mjini Munich, na Desemba 1969, akiwa na miaka 24, Deutsche Oper ya Berlin ikamsimamisha jukwaani kama Elisabeth katika Tannhäuser ya Wagner. Miaka 24! Mwaka 1972 tayari yuko La Scala, Milan, anaimba Aida, na London, Covent Garden, anaimba Cassandra wa Berlioz.

Mtu wa namna hii sisi tungemwita nani? Tungesema ametoka. Kafika. Sasa ni kuvuna tu.

Katikati ya miaka ya 1970, akiwa na miaka 30 hivi, Jessye Norman aliliacha jukwaa la opera. Alihamia London, na kwa miaka kama mitano hakuigiza opera hata moja. Sababu haikuwa ugonjwa wala ugomvi wa malipo. Nyumba za opera zikiona sauti kubwa zinataka kuila ingali changa. Zinakupa uhusika mzito leo, mwingine mzito zaidi kesho. Yeye aliona sauti yake bado inakua, akataka aiache ikue.

Hayo yote niliyasoma mwaka 2019, nikavutiwa, nikamsimulia kila aliyekubali kusikiliza. Kisha nikayasahau. Najua niliyasahau kwa sababu ya nilichokifanya mwaka jana.

Mwaka jana mdogo wangu alipata kazi kwenye bendi inayopiga hotelini, hoteli moja ya Mikocheni. Usiku tano kwa wiki, kuanzia saa mbili hadi saa saba, elfu arobaini kwa usiku. Piga hesabu mwenyewe. Kwetu, ambapo baba ni mstaafu na mimi ni mwandishi wa habari (na mnajua mishahara yetu), fedha hiyo ilikuwa mvua. Tulihama chumba kimoja na sebule tukaingia nyumba yenye vyumba vitatu. Mimi ndiye niliyesaini mkataba wa nyumba. Kodi ya miezi sita, taslimu.

Mwezi wa pili akaniambia, "Kaka, naona nipumzike kidogo. Sauti inachoka." Nikamwambia kila kazi inachosha. Baada ya wiki akarudia, safari hii anaongea kama mtu aliyekula majivu. Spika za pale mbovu, akasema, hajisikii mwenyewe, ngoma zinamzidi, kwa hiyo inabidi apige kelele. Nikamjibu maneno ambayo ningependa sana niyarudishe mdomoni. Nilimwambia kipaji bila bidii ni uvivu uliovaa nguo nzuri. Ni sentensi nzuri, eti. Nadhani hata niliipenda nilipoisema. Ndiyo ubaya wa kuishi kwa maneno: unaweza kumchoma mtu na bado ukasimama pembeni kupendezwa na kisu.

Akarudi kazini. Akaimba wiki nyingine tano.

Siku aliyoamka na sauti haipo, hakulia. Alikuja sebuleni akafungua mdomo, ukatoka upepo. Daktari wa koo akapitisha kamera, akatuonyesha kwenye skrini: nyuzi mbili nyeupe za sauti, na kwenye kila moja kijinundu, vikitazamana kama sugu za mkulima viganjani. Hutokea kwa waimbaji, walimu, wahubiri, makondakta, wote wanaotumia sauti kwa nguvu bila mapumziko. Kwa bahati vilikuwa bado laini. Hakuna upasuaji, akasema, ila anyamaze. Wiki tatu asitoe neno, hata kunong'ona, kisha aanze mazoezi taratibu na mtaalamu. Bendi ikapata mwimbaji mwingine kabla ya Jumapili.

Wiki tatu zile nyumbani kwetu sitaki kuzirudia. Alikuwa na daftari la kaunta kuu, na kila akitaka kitu anaandika. "Chumvi." "Zima taa." Aliongea nasi kwa karatasi, na mimi nikawa naogopa akishika kalamu.

Usiku mmoja nikaenda kukaa mlangoni kwake. Sikujua kuomba radhi kunaanzia wapi, kwa hiyo nikaanza kwa kusimulia, kama kawaida yetu waandishi tukikosa ujasiri. Nikamsimulia Jessye Norman mwanzo mpaka mwisho. Redio, Philadelphia, Berlin. Nikafika kwenye miaka mitano. Nikamwambia, unaona, hata mkubwa kama yule alisema hapana, na ulipotaka kusema hapana mimi nilikuzuia. Nisamehe.

Akanitazama muda mrefu. Akavuta daftari, akaandika, akaligeuza nisome:

"Alikuwa anakula nini miaka hiyo mitano?"

Jamani. Mimi ni mwandishi wa habari. Nilikuwa nimemsimulia mama huyu kwa watu wangapi, na sikuwahi kuuliza swali hilo. Nilienda kulitafutia jibu usiku ule ule, kwa sababu nilihisi kwamba msamaha wangu unalitegemea.

Jibu ni kwamba hakuacha kuimba. Aliacha opera; kuimba hakuacha. Miaka ile alizunguka akitoa maonyesho ya nyimbo, yeye na mpiga piano tu. Mwaka 1976 na 1977 alirudi Marekani kwa ziara za namna hiyo. Alisimama na okestra kuimba kazi za kidini, kama Elijah ya Mendelssohn, ambako hakuna mavazi wala kuigiza, na usiku mzima haukai juu ya koo lako peke yako. Alikuwa na elimu ya chuo, tuzo ya Munich, na jina lililokwisha kufahamika Ulaya. Alichagua meza ya kulia.

Nikamwambia mdogo wangu hivyo. Akaandika: "Basi si sawa na mimi." Ni kweli, si sawa. Nimesoma makala nyingi zinazosifu watu waliosema hapana, na karibu zote zinasahau kutaja nani alikuwa akilipa kodi. Jessye Norman alithubutu, sikatai, na wangapi tungethubutu kuiacha La Scala? Lakini alithubutu akiwa na pa kusimama. Mdogo wangu pa kusimama palikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimesaini mkataba wa nyumba.

Tumerudi kwenye chumba kimoja na sebule. Baba analala sebuleni, anasema anapenda upepo. Anadanganya.

Mnataka kujua ilikuwaje kwa mama Norman. Oktoba 1980 alirudi jukwaani Hamburg, katika Ariadne auf Naxos ya Richard Strauss. Septemba 1983 Metropolitan Opera ilifungua msimu wa kuadhimisha miaka 100 yake, na aliyesimama pale kwa mara ya kwanza, kama Cassandra, alikuwa yule mtoto wa redio ya Jumamosi. Alikuwa na miaka 38. Msimu huo huo akamwimba na Dido. Juni 1988, Wembley, tamasha la kumtakia Mandela heri ya miaka 70, Mandela mwenyewe akiwa bado kifungoni na vijana wake wa ANC wakiwa hapa kwetu Mazimbu, Morogoro: baada ya wanamuziki wote wa pop na roki kumaliza makelele yao, aliyefunga siku alikuwa yeye, na Amazing Grace.

Na kitu kimoja ambacho mdogo wangu alikipenda kuliko vyote. Isolde wa Wagner ndiye kilele cha soprano za kidrama, ndiye aliyewainua Flagstad na Nilsson. Norman aliimba sehemu ya mwisho ya Isolde kwenye matamasha, hata na Karajan huko Salzburg mwaka 1987. Isolde mzima, jukwaani, saa zote zile? Hakuimba. Mpaka anafariki. Wapenzi wa opera wanalalamika kwamba alitunyima. Mdogo wangu aliposikia hivyo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya kamera.

Mwaka 2003 ilifunguliwa shule ya sanaa yenye jina lake kule kwao Augusta, inayofundisha watoto bila malipo baada ya saa za shule za kawaida. Mwaka 2015 aliumia uti wa mgongo, na madhara yake ndiyo yaliyomchukua miaka minne baadaye. Mistari mitatu, chini ya ile ya mpira.

Sasa hivi mdogo wangu anaongea. Asubuhi anauza kwenye duka la vifaa vya ofisi Kariakoo, jioni mbili kwa wiki anafanya mazoezi aliyopewa: anapuliza hewa kupitia mrija ndani ya glasi ya maji huku akitoa sauti, brrr, kama mtoto anayechezea soda. Kwaya amerudi, mstari wa nyuma. Bendi mbili zimempigia simu. Ya kwanza alikataa mwenyewe. Ya pili alinipa simu mimi nikatae, na nilikataa, ingawa walitaja elfu hamsini na tano na mkono ulinitetemeka kidogo.

Juzi usiku alinikuta nasikiliza zile nyimbo nne za mwisho za Strauss. Mzee yule alizitunga mwaka 1948 akiwa na miaka 84, akafariki mwaka uliofuata kabla hazijaimbwa hadharani, na aliyeziimba kwa mara ya kwanza London, Mei 1950, alikuwa Flagstad. Mimi nilikuwa na za Norman, alizorekodi Leipzig na Kurt Masur, miaka miwili hivi baada ya kurudi jukwaani. Zinakwenda taratibu mno, taratibu kuliko ambavyo mtu mwenye mapafu ya kawaida angekubali. Nikampa spika moja ya sikioni. Tukakaa kitandani, waya unatuunganisha kama zamani tulipokuwa tunagawana redio ya baba.

Hakusema kitu mpaka wimbo ulipofika katikati. Akanishika mkono.

"Kaka, hapo kapumua wapi?"

Nikasema sijasikia.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Tulirudisha mara nne. Hatukupata.